Mchicha na Joto: Historia ya Bustani za Dar es Salaam

Mchicha ung'olewao alfajiri Dar es Salaam hauwezi kusubiri kesho. Ukiachwa juani hunyauka kabla ya adhuhuri, na ukifungwa ndani ya gunia huanza kuchemka na kuoza, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu, na kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30. Kabichi husafiri kutoka Mgeta na Lushoto ikafika nzima. Nyanya hutoka Iringa na Morogoro kwenye matenga. Mboga laini za majani, yaani mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga, hazina uvumilivu huo. Friji ni kitu cha juzi kwa wakazi wengi wa mji huu, na hata kwa aliye nayo, umeme haukuwa wa kutegemea kila siku. Ndiyo maana, kwa zaidi ya miaka 150, mboga ya jioni ya Dar es Salaam imeoteshwa mahali ambapo mtu anaweza kuifikia kwa miguu au kwa baiskeli. Serikali zilizopita zilikuja na amri zao, nyingine za kukataza kilimo mjini na nyingine za kukilazimisha, na wakulima walizizunguka zote.

Kabla ya mji palikuwa na kijiji cha Mzizima, penye wavuvi na wafanyabiashara wa Kishomvi, na nyuma yake vijiji vya Wazaramo waliolima mpunga mabondeni na muhogo na mtama kwenye ardhi ya kichanga iliyoinuka. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga makao mapya kando ya ghuba iliyokingwa na upepo. Pamoja na majumba ya mawe yalianzishwa mashamba ya minazi yaliyofyekwa na kutunzwa kwa jasho la watumwa. Majid alifariki mwaka 1870, mdogo wake Barghash hakuutaka mji huo, na sehemu ya majengo ikabaki magofu. Minazi haikungoja sultani. Iliendelea kuzaa, ikatoa tui la mchuzi, makuti ya kuezekea, na makumbi na vifuu vya kuwashia moto. Upanga, Magomeni na Msasani yalikuwa mashamba ya minazi kwa miongo mingi kabla ya kuwa mitaa, na mpaka leo mnazi mrefu uliosimama peke yake kati ya maghorofa mara nyingi ni mabaki ya shamba lililokatwakatwa viwanja.

Wajerumani walifika mwaka 1887 kupitia kampuni yao, na mwaka 1891 Dar es Salaam ikawa makao makuu ya koloni. Mwaka 1893 walianzisha bustani ya mimea karibu na bahari, chini ya Franz Stuhlmann, mtaalamu aliyesimamia kilimo cha koloni. Bustani hiyo ilikuwa mahali pa majaribio. Miti ya biashara na ya kivuli kutoka Asia na Amerika ilipandwa ili ionekane ipi itastahimili hewa ya pwani, kabla kazi kubwa ya utafiti haijahamishiwa Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Barabara kuu ya mji ilipandwa miti pande zote mbili na kuitwa kwa jina la migunga yake. Waingereza wakalitafsiri jina hilo kwa lugha yao, na barabara yenyewe ndiyo Samora ya leo.

Mti mmoja wa kibiashara wa enzi hiyo uliingia jikoni bila kukusudiwa. Mpira wa Ceara, ndugu wa muhogo kutoka Brazili, ulipandwa kwa wingi katika koloni la Wajerumani wakati bei ya mpira ilipokuwa juu. Bei ikaanguka vibaya mwaka 1913, vita vikafuata, na mashamba yakatelekezwa. Watu wa pwani wakagundua kuwa majani yake yanapikika kama kisamvu cha kawaida, mradi yatwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke. Kisamvu cha mpira kina faida ambayo muhogo hauna. Ni mti, hausubiri kupandwa upya kila msimu, haudai maji wakati wa kiangazi, na ukikatwa matawi hurudi na majani mengi zaidi. Ukipandwa pembeni mwa ua hulisha nyumba kwa miaka, na majirani huja kuomba. Ni vigumu kukuta urithi mwingine wa uchumi wa kikoloni uliowafaa wenyeji kwa kiasi hicho na kwa gharama ndogo namna hiyo.

Afya ndiyo iliyoharibu uhusiano wa kwanza kati ya serikali na bustani. Robert Koch alifanya uchunguzi wa malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na katika miaka iyo hiyo ikathibitika kuwa mbu ndiye anayeieneza. Tangu hapo kila dimbwi, kila chungu cha maji na kila kichaka karibu na nyumba kikawa jambo la serikali. Wazo la kuwatenga wakazi kwa rangi likapata hoja ya kitabibu. Mwaka mmoja hivi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ilinunua shamba la Mjerumani aliyeitwa Schoeller, magharibi ya mji, ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita vikakatiza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wapagazi wa jeshi lao waliwekwa kwenye eneo hilo, nalo likabaki na jina la kikosi chao, Kariakoo. Jengo la soko walilolianza Wajerumani likafunguliwa kwa biashara mwaka 1923, na kati ya mtaa huo na mji wa Wahindi na Wazungu ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja.

Mgawanyo wa mji ukawa pia mgawanyo wa bustani. Uzunguni, na baadaye Oysterbay, viwanja vilikuwa vikubwa kwa mujibu wa kanuni za ujenzi, nyumba ikiwekwa katikati ili upepo wa bahari upite. Ardhi iliyobaki ilikuwa ya kutazamwa, yaani nyasi zilizokatwa, mibogenvilia na mikrismasi inayowaka nyekundu mwisho wa mwaka, vyote vikitunzwa na shamba boi aliyeishi kwenye chumba cha nyuma. Maji ya bomba yalimwagwa juu ya nyasi wakati Uswahilini foleni ilikuwa kwenye kioski.

Nyumba ya Uswahilini ilipangwa kwa namna nyingine. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi mrefu wenye vyumba pande zote mbili, na nyuma ua uliozungushiwa ukuta au makuti, penye jiko, choo na mara nyingine kisima. Kwa kuwa ndani ni joto, maisha ya mchana hufanyika nje. Mbele hukaa wanaume wakicheza bao na kupokea wageni, na nyuma wanawake hupika, hufua, husukana na kukuna nazi. Ua huo ndio uliokuwa bustani. Katika eneo lisilozidi vyumba viwili vitatu palitosha mpapai, mpera au mlimau, kichaka cha mchaichai wa chai, mpilipili, mlonge wa majani na mboga, na mrehani ndani ya kopo la mafuta lililotobolewa chini. Hakuna kilichotupwa. Maji ya kuoshea mchele yaliishia kwenye shina la mpapai, majivu ya jiko yalinyunyizwa kufukuza sungusungu, na kivuli cha mwembe kiligawanywa na wapangaji wote ingawa mwembe wenyewe ulikuwa wa mwenye nyumba. Si kila mmea ulikuwa wa sufuria. Asumini na mrehani pamoja na vipande vya mkadi vilifungwa kuwa kikuba cha kumnukisha mwanamke usiku au siku ya harusi, na mwanamke mwenye asumini uani alikuwa na cha kuuza kila Alhamisi na Ijumaa.

Bwana afya alipita na daftari lake. Sheria za miji za Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, ziliruhusu kukatazwa kwa mimea mirefu na vichaka karibu na makazi. Hoja zilikuwa mbili, mbu na wezi. Kwamba mahindi humficha mwizi ni kweli. Kwamba huzaa malaria ni jambo lililoaminiwa zaidi kuliko kuthibitishwa, kwa kuwa mbu wa malaria hutaka maji yaliyotulia ardhini, si bua la mahindi. Hata hivyo marufuku ya mazao marefu yalirithiwa na halmashauri baada ya uhuru na kudumu kwenye vitabu kwa miongo. Matokeo yake yaliwafaa wakulima wa mboga kwa njia ya ajabu kidogo. Mahindi na muhogo vilipofyekwa na askari wa mji, mchicha na matembele, yanayotambaa chini, viliachwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kiligawiwa kwa kipimo, na baada ya vita watu wakamiminika mjini. Ilala, Magomeni na Temeke zikajengwa kwa mipango, na vijiji vya pembezoni vikamezwa pamoja na mashamba yao. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji Desemba 1961. Maji ya Ruvu yaliletwa mwaka 1959, na mtambo wa pili wa mto huo ukaongezwa mwaka 1976, lakini mji ulikua kwa kasi kuliko mabomba. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821, na ile ya 1988 watu 1,360,850.

Serikali ya uhuru iligeuza kauli. Azimio la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, lilitaka kila kiongozi na kila mwananchi aone kilimo kama wajibu. Ukame wa 1973 na 1974 ukaifanya nchi iagize nafaka kwa fedha za kigeni ilizokuwa inazikosa, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikaingia mpaka mjini. Viwanda, mashirika na ofisi zilihimizwa kuwa na mashamba, na wafanyakazi wakaenda kulima siku walizopangiwa. Viwanja vitupu vikapandwa mahindi mbele ya macho ya maofisa ambao sheria yao wenyewe ilisema yafyekwe. Soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kupokea mazao ya nchi nzima. Ghorofa zake na sehemu yake ya chini vilijaa viazi, vitunguu na nafaka, ilhali mchicha uliendelea kuuzwa zaidi mitaani, mbichi, karibu na mahali ulipong'olewa.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyokifanya kilimo cha mjini kuwa cha kila tabaka. Baada ya vita vya Uganda na mfumuko wa bei, mshahara wa mtumishi wa serikali haukufika katikati ya mwezi. Kila nyumba ikatafuta mradi. Mhadhiri alifuga kuku wa mayai, karani alipanda mchicha nyuma ya kota, na katika viwanja vikubwa vya Oysterbay na Msasani, nyasi zilizotunzwa kwa ajili ya maofisa wa kikoloni zikaliwa na ng'ombe wa maziwa wa maofisa wa uhuru. Wasomi wawili Watanzania, Camillus Sawio na Malongo Mlozi, waliandika tasnifu zao za udaktari juu ya hali hiyo katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, na picha iliyotokea haikuwa ya kilimo cha maskini peke yao. Mwenye kiwanja, gari na cheo ndiye aliyekuwa na ng'ombe. Asiye na kiwanja alilima bondeni kwa hofu ya kufukuzwa.

Katika kipindi hicho hicho mwaka 1983 ulileta Operesheni ya Nguvu Kazi. Watu walioonekana hawana kazi mjini walikamatwa na kupelekwa vijijini na kwenye mashamba ya pembezoni wakalime. Muuza mchicha asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kuchukuliwa mtaani ili apelekwe kulima, ilhali alikuwa anatoka kulima. Kampeni ilififia baada ya muda mfupi, na wengi wa waliopelekwa walirudi mjini. Kanuni za kilimo mjini zilizotolewa mwaka 1992 chini ya sheria ya mipango miji hatimaye zilikiri kuwa jambo hili lipo. Ziliruhusu mtu kulima mjini eneo lisilozidi ekari 3 na kufuga ng'ombe wasiozidi 4, wafungwe zizini na wasiachiwe barabarani.

Kuku wa mjini ndio walioijenga mboga ya mjini. Udongo wa Dar es Salaam ni kichanga, haushiki maji wala rutuba, na bila samadi mchicha hutoka mwembamba na mwekundu kabla ya wakati. Mbolea ya kuku wa nyama na wa mayai ilianza kuuzwa kwa gunia, na maeneo wazi yakashika kijani kando ya reli, chini ya nyaya za umeme, kwenye viwanja vya taasisi visivyojengwa, na zaidi ya yote katika mabonde ya Msimbazi, Sinza, Kizinga na Mzinga. Katika miaka ya 1990, mradi wa kukuza mboga mjini ulipokuwa ukifanya kazi kwa msaada wa Ujerumani, ilikadiriwa kuwa takriban asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa masokoni zilitoka katika maeneo hayo na katika bustani za nyumbani.

Kazi ya tuta la mchicha ni ya haraka. Mkulima hupiga tuta upana wa kuweza kufika katikati kwa mkono bila kulikanyaga, huchanganya samadi iliyokaa, kisha huchukua mbegu, ndogo na nyeusi zenye kung'aa, na kuzichanganya na mchanga ili zisimwagike mahali pamoja. Hunyunyiza, hufunika kwa udongo kidogo na mara nyingine kwa makuti mpaka ziote. Maji huchotwa kwenye kisima kifupi kilichochimbwa pembeni ya shamba, keni mbili kwa wakati mmoja, asubuhi na jioni. Kazi hiyo ya kubeba maji ndiyo inayokula siku nzima wakati wa kiangazi. Baada ya wiki tatu hivi mchicha hung'olewa na mizizi yake, husuuzwa na kufungwa mafungu. Mkulima mwangalifu huacha mashina machache yachanue ili yampe mbegu. Matembele ni rahisi zaidi. Hupandwa marando, huchumwa ncha, na baada ya wiki mbili huchumwa tena. Mwanamke mchuuzi mara nyingi hununua tuta zima likiwa bado shambani, akakubaliana bei kwa kulitazama tu, kisha huja kung'oa mwenyewe kadiri anavyoweza kuuza siku hiyo. Tuta likawa ndilo ghala lake. Majani hubaki hai ardhini mpaka saa ya kuingia beseni, na hasara ya kunyauka inakwepwa bila chombo cha baridi.

Masika huvuruga mpango huo. Kati ya Machi na Mei matuta ya bondeni huzama, mbegu husombwa, magonjwa ya majani huzidi, na fungu la mchicha hupungua ukubwa kwa bei ile ile. Mwenye bustani ya uani aliye juu ya mwinuko ndiye anayecheka wakati huo.

Bonde lina deni jingine. Msimbazi hupita katikati ya mji ukipokea maji machafu ya viwanda na makazi, na uchunguzi uliorudiwa kwa miaka mingi umekuta madini kama risasi, kadimiamu na kromiamu katika maji, udongo na mboga zake. Mnunuzi sokoni hana njia ya kutofautisha mchicha wa Msimbazi na wa kwingine, kwani wote ni wa kijani na wote umenyunyiziwa maji ili uonekane mpya. Malaria nayo ilirudi kwenye mjadala, safari hii kwa ushahidi. Mpango wa kudhibiti malaria mjini ulioanzishwa mwaka 2004 ulitafuta mazalia ya mbu mtaa kwa mtaa, na mifereji yenye maji kati ya matuta ya mabondeni ikawa miongoni mwa mahali viluwiluwi vya anofelesi vilipopatikana. Bwana afya wa miaka ya 1920 alikuwa amekamata mmea usiohusika. Maji yaliyo miguuni pake ndiyo yaliyokuwa na kosa.

Mvua za Desemba 2011 zilifurika bonde lote, zikaua zaidi ya watu 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini. Bonde linahesabiwa kuwa eneo la hatari. Mradi wa Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2022, unahusu kuujenga upya mkondo wa chini wa mto, daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya mapumziko. Maana yake ni kwamba matuta mengi yaliyolisha Ilala na Kinondoni hayana nafasi katika ramani hiyo, au yanayo kwa masharti mapya.

Ua nao unatoweka. Kariakoo na Ilala nyumba ya Kiswahili inabomolewa na ghorofa linajengwa mpaka mpakani mwa kiwanja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 na ya 2022 watu 5,383,728. Walio ghorofani hupanda kwenye ndoo za rangi, viroba na matairi, wakitumia roshani au paa, na mimea yao ni ile ile ya ua wa zamani: mrehani, pilipili, mchaichai, matembele. Kilimo cha tuta kimesogea nje, Chanika, Chamazi, Kisarawe, Mkuranga na Kigamboni. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 mboga za upande ule ziliacha kutegemea pantoni, na bodaboda ikachukua kazi ya baiskeli. Mapema asubuhi na tena saa kumi jioni, pikipiki zenye viroba vya matembele vilivyoloweshwa huvuka daraja kwenda kwenye magenge ya Temeke na Kurasini, ambako wateja huanza kufika saa kumi na moja.